Mpini wa Chini

Lori lilikuwa limeshaanza kutembea Mstari alipopiga bati la ubavuni kwa kiganja na kupaza sauti, "Leta mpini, bwana! Leta mpini!"

Maranda alikimbia hatua tano kando ya lori, hatua za mtu asiyetaka kufika. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nimeusahau nyumbani!"

"Umeusahau?" Mstari alikuwa amekaa juu ya magunia pamoja na wanaume wengine saba, msumeno wake na Maranda umeviringishwa kwenye gunia na kulazwa mapajani pake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. "Miaka kumi na tisa hujausahau hata siku moja, leo ndiyo umeusahau?"

"Tangulia tu. Nitauleta."

"Kasahau na tumbo lake pia," akasema mmoja juu ya lori. "Tazameni lilivyovimba."

Wakacheka. Lori likakata kona ya ghala kuelekea mjini kwenye uandikishaji, vumbi likabaki. Maranda alisimama mpaka mlio wa injini ulipopotea, kisha akapandisha shati na kuuchomoa mpini kwenye mkanda. Ulikuwa kipande cha mti kigumu, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, chenye tundu katikati, cheusi kwa jasho.

Mkewe alikuwa amesimama pembeni mwa ghala na beseni lake, amejifanya anasubiri maji.

"Umempa?"

"Sijampa."

"Afadhali. Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu, na huyo nguo zake tunaanika kamba moja."

Kazi ya wanaume hawa wawili ilikuwa kupasua mbao shimoni. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, anaufuata mstari uliopigwa kwa kamba na masizi, ndiyo sababu mwenzake Maranda aliitwa Mstari. Wa pili anasimama chini shimoni, anauvuta msumeno, na unga wa mbao unammwagikia usoni kutwa. Huyo hakuhitaji kuelezwa kwa nini aliitwa Maranda. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata.

Kwenye kitabu cha karani wa kambi, kila jozi iliandikwa kwa jina la mtu wa juu, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Wa chini hakuwa na jina kitabuni. Alikuwa na mpini. Mpini wa chini haufungwi moja kwa moja, unashikwa na kabari, na kila jioni wa chini huigonga kabari mara mbili kwa kiganja, mpini ukatoka, akaenda nao kwake kwapani. Msumeno usio na mpini wa chini ni bati lenye meno. Wa juu akipokea malipo na kupata wazo la kuchelewa njiani, kesho yake atasimama juu ya gogo apasue na nani? Hivyo ndivyo watu wa mashimoni walivyoishi pamoja miaka yote bila kulazimika kuaminiana.

Sasa serikali imeufunga msitu wa asili. Mashimo yamenyamaza wiki ya tatu.

*

Chumba chao kilikuwa cha mabanzi, kimoja kati ya arobaini vya kambi, na upepo uliingia kila penye ufa. Binti yao wa kidato cha pili alikuwa amelinakili tangazo la mlangoni pa ghala kwenye daftari la hesabu. Alilisoma mara ya nne.

"'Kila mfanyakazi atakayejiandikisha na kusalimisha chombo chake cha kazi atapewa fedha ya kujikimu kwa miezi sita, nafasi ya mafunzo, na ruhusa ya kuishi katika nyumba za kambi hadi mwisho wa mwaka. Ambaye hatakuwa amejiandikisha hadi Alhamisi saa kumi jioni atahama ndani ya siku kumi na nne.'"

"Rudia hapo pa chombo," alisema Maranda.

Binti akarudia.

"Mtu anakupa chakula huku anakunyang'anya kijiko," alisema mama yake. "Hicho chakula kitazame mara mbili."

"Mama, ni ili watu wasirudi msituni."

"Wewe umeyajulia wapi ya serikali?"

"Yameandikwa hapa."

"Yaliyoandikwa hapo ndiyo waliyotaka uyasome. Muuza sambusa wa stendi ameniambia kule wanapiga watu picha. Chombo mkononi, uso huu hapa. Kesho mti ukianguka usiku, picha ya nani itatolewa?"

Maranda alikuwa amekaa kitandani, mpini mapajani, anaupapasa kwa kidole gumba pale upande wa kushoto palipolika. Picha haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kitabu. Kwenye kitabu palikuwa na Mstari peke yake, na karani alishamwambia wazi: "Mimi nina majina, sina mashimo. Ulikuwa chini, nitajuaje kama ulikuwepo?"

"Na Mstari juzi nimemwona na huyo karani nyuma ya ghala," aliendelea mkewe, kana kwamba amesikia. "Wanacheka."

"Mtu haruhusiwi kucheka?"

"Na karani? Karani anacheka na mtu bure? Halafu Mstari kanunua viatu."

"Vya mtumba."

"Viatu ni viatu."

Binti akafunga daftari. "Baba, si ungeenda naye tu kwenye lori?"

"Nafasi ni moja kwa kila msumeno," alisema Maranda. "Karani ndivyo alivyosema."

"Na mpini ungempa?"

"Nimpe mpini, nibaki na nini?"



*

Mstari alirudi Jumatano adhuhuri. Alipita mbele ya mlango wao bila kupiga hodi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kambi ijengwe. Mkewe Maranda aliiona karatasi iliyokunjwa ikichungulia kwenye mfuko wa shati.

"Shemeji! Siku hizi tunapitwa kama kaburi la mtu baki?"

Mstari akasimama. Alikuwa mrefu na mkavu, na shingo yake ilikuwa imeinama mbele kwa miaka ya kutazama chini. "Nimechoka, shemeji."

"Kuandikwa nako kunachosha?"

"Kunachosha kuliko kupasua."

Maranda akatoka, anapepesa macho juani. "Wamekuandika?"

"Wameniandika."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwepo."

"Si ungewaambia."

"Nimewaambia. Wameniuliza, mpini wa pili uko wapi? Nimewajibu, mwenzangu kausahau nyumbani. Wamecheka kama walivyocheka wale wa kwenye lori." Akamtazama Maranda kiunoni. "Uliusahau nyumbani, au siyo?"

Maranda akashusha shati hadi chini ya mkanda.

"Tuonyeshe hiyo karatasi," alisema mkewe.

"Karatasi ya mtu haiombwi kama kiberiti, shemeji."

"Isiyo na kitu inaombwa. Yenye kitu ndiyo inayofichwa mfukoni." Alikuwa ameshapandisha sauti, na milango miwili mitatu ilikuwa imeshafunguka. "Umekula jasho la mwenzako, sema! Miaka kumi na tisa anakula unga wa mbao ili wewe usimame juu upate hewa! Mwizi si lazima avunje mlango!"

Mstari aliingiza mkono mfukoni, akaishika karatasi, ikatoka nusu. Kisha akairudisha.

"Mpini ulikuwa tumboni mwako," alimwambia Maranda taratibu. "Nimeuona. Lori zima limeuona. Basi kesho ndiyo siku ya mwisho. Nenda mwenyewe na mpini wako, ukaongee nao."

Akaenda zake. Viatu vyake vya mtumba vilikuwa vinambana, na alichechemea hadi mlangoni kwake.

Jioni ile, Maranda alipokwenda kuoga, mkewe aliutazama mpini na moyo ukaingiwa na woga wa aina nyingine. Aliwaza ofisi, meza, watu wenye kalamu. Akachukua kipande cha chupa, akakaa kizingitini, akaukwangua mpini mpaka weusi wote ukaisha, kisha akaupaka mafuta ya kula. Ulipong'aa akaridhika.

Maranda aliutambua kwa mkono kabla ya jicho. "Umeufanya nini?"

"Nimeusafisha. Ulitaka uwapelekee kitu kama mfupa uliotolewa kinywani mwa mbwa, waseme hawa ndio watu wenyewe?"

Alitaka kukasirika, ila alikuwa hajui akasirikie nini hasa. Aliuviringisha kwenye gazeti.

*

Afisa wa orodha huko mjini alikuwa mama mnene wa miwani, na miwani yenyewe alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kama mtu aliyeshaona ya kutosha. Foleni ilimfikisha Maranda mezani kwake saa nane na robo. Alilifungua gazeti. Afisa akautazama mpini, akacheka bila furaha.

"Wa kumi na mbili."

"Samahani, mama?"

"Mpini wa kumi na mbili tangu asubuhi. Jana mwenzenu mmoja kaulizwa mpini wa pili, leo mji mzima una mipini. Kuna mmoja bado unatoa utomvu." Alinyoosha kidole kwenye pipa lililokuwa pembeni, mipini imesimamishwa humo kama kuni. "Wengine ni vinyozi, mzee. Wengine wanauza vocha. Wewe kazi yako nini?"

"Mpasua mbao. Wa chini."

"Na mpini wako umenunuliwa lini?"

"Una miaka kumi na tisa."

Afisa akashusha miwani, akaupitisha kidole. Kidole kikatoka na mafuta. Alimwonyesha tu kidole.

"Mke wangu..." alianza Maranda, akaishia hapo. Nyuma yake mtu alikohoa kicheko.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, au kwa kuwa alichoka kukaa, afisa alimpeleka ghalani nyuma ya ofisi. Misumeno thelathini na moja ilikuwa imeegemezwa ukutani, kila mmoja na namba ya chokaa. Maranda hakuzisoma namba. Alipita akipapasa meno, mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofika penye jino lililokatika, la tatu kutoka chini. Akaingiza mpini. Akaigonga kabari. Ukakaa.

"Ni huu, mama."

"Na wa yule aliyekutangulia uliingia pia. Kauchonga hapo nje ya lango kwa kisu." Alifungua daftari kubwa. "Namba kumi na nne. Ahaa. Huyu mzee ndiye alinisumbua nusu saa nzima."

"Amesema nini?"

"Nilimwambia, sikiliza mzee, msumeno mmoja ni fungu moja. Ukisaini peke yako, fungu lote lako. Mkiwa wawili, mnagawana nusu kwa nusu. Wote waliokuwa naye wamesaini peke yao, wakaenda zao wakipiga miluzi. Yeye akaniuliza kama nimewahi kuona msumeno wa shimo unaovutwa na mtu mmoja. Tumeandika hivi: 'Watu wawili. Wa pili hajafika. Malipo yasubiri.' Tukampa karatasi ya kusubiri."

Maranda alitafuta mtego katika maneno hayo. Aliyapindua huku na huku kama mtu anayekagua noti, mbele na nyuma. Hakuuona, na kutouona kukamwuma kuliko mtego.

"Basi si unaona, mama, wa pili ndiye mimi."

"Wa pili ni yeyote mwenye kisu. Mwenzako aje autambue mpini kabla ya saa kumi. La sivyo nafunga, na nyote wawili mmekosa."

"Kambini ni mwendo wa saa mbili kwa lori."

"Ana simu?"

"Ameizima tangu jana. Mke wangu anayo yake."

"Mpigie mkeo."

*

Mkewe Maranda alisimama mbele ya mlango wa Mstari na simu mkononi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Majirani walikuwa wameshatoka na vigoda vyao.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Shemeji yako."

"Jana mwizi, leo shemeji. Nimepandishwa cheo haraka." Mlango ukavutwa kwa ndani. Mstari alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, malengelenge yamemtoka kote.

"Mzee wa namba kumi na nne," simu ikasema kwa sauti ya afisa. "Unanisikia? Utautambuaje mpini wa mwenzako?"

"Mweusi," alisema Mstari. "Mweusi kama tako la chungu. Kushoto umelika, anapokazia kidole gumba."

"Huu ni mweupe. Haukulika popote."

Mstari akainua macho, akamtazama mke wa mwenzake.

"Nimeukwangua mimi," alisema yule mama.

"Sema kwa nguvu. Afisa hasikii."

"Nimeukwangua mimi! Kwa kipande cha chupa! Niliona aibu apeleke kitu kichafu ofisini!"

Kicheko kilianzia mlango wa tatu, kikapita safu nzima. Binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliinamisha uso. Mama hakuinamisha. Alishika simu kwa mikono miwili.

Mstari alitoa mguu mmoja majini, akaufuta polepole, kidole kwa kidole.

"Mama afisa. Nikisema siutambui huo mpini?"

"Namfuta wa pili. Fungu lote nakuandikia wewe sasa hivi."

Kila aliyekuwepo alijua angejibu nini yeye, na kila mmoja alimwangalia Mstari akijiangalia. Mke wa Maranda alifungua mdomo, akaufunga: kila neno lililomjia alikuwa ameshalitumia vibaya jana.

Mstari akaufuta mguu wa pili.

"Chukua tochi," alisema. "Mulika ndani ya tundu, upande wa juu. Kuna kipande cha msumari kimevunjikia humo. Mpini ulipasuka, nikaupigilia mimi, huyo mjinga akiwa shimoni ananitukana kwamba namchelewesha."

Simuni ikasikika sauti ya droo. Sauti ya kitu kinachogongwa mezani. Kisha, kwa mbali, sauti ya Maranda: "Na kweli nilimtukana."

"Upo," alisema afisa. "Una kutu. Namwandika."

Mstari akawa kama anayemrudishia yule mama simu ambayo hakuwa ameishika. Alifanya tu ishara ya mkono.

"Una bahati chupa haikuingia ndani, shemeji," alisema, akausukuma mlango ukafunga.

"Ahsante," yule mama aliyaambia mabanzi.

*

Maranda aliandika jina lake lote, herufi moja moja, ulimi nje. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kuingia kwenye kitabu cha kazi. Hawakumpiga picha. Mlinzi akamwambia autie mpini, aurudishe msumeno ukutani pamoja na mingine, na ilikuwa imeshafika saa kumi kasorobo, watu wanafunga madirisha, jua limeingia ghalani kwa upande kama linavyoingia shimoni wakati wa kutoka kazini. Maranda aliuegemeza msumeno. Kiganja chake kikagonga kabari mara mbili. Hakuna aliyemwona, hata yeye mwenyewe hakujiona.

Lori lilikuwa limeshapita daraja alipotaka kujikuna ubavuni akakuta mpini kwapani. Aliinua mkono apige bati, dereva asimame. Wenzake walikuwa wamechoka na giza lilikuwa linakuja. Akaushusha mkono.

"Kesho," alisema.

*

Fedha ya kujikimu ilitoka miezi mitatu, nusu kwa Mstari, nusu kwa Maranda. Mwezi wa nne walikuja wakaguzi, wakahesabu misumeno, wakaandika kwamba namba kumi na nne una mpini mmoja na kwa hiyo ni wa mtu mmoja. Malipo ya Maranda yalisimamishwa hadi uthibitisho upatikane. Alikwenda ofisini na mpini wake mara mbili. Mara ya kwanza afisa wa miwani alikuwa amehamishwa. Mara ya pili aliyepewa meza yake alisema hajawahi kusikia habari za mipini.

Mstari aliendelea kupokea nusu yake mpaka mwezi wa sita. Hakupewa fungu lote, na hakuliomba. Alipata mafunzo na sasa anamwagilia miche ya miti kwenye kitalu cha serikali. Viatu vile aliviuza.

Karani wa kambi alikutwa na ndugu zake tisa kwenye orodha. Alihamishiwa orodha nyingine.

Mke wa Maranda anapika chakula cha vibarua wa kitalu. Humpakulia Mstari wa kwanza, na Mstari hula akitazama upande mwingine. Binti anaandikia watu barua za kuomba msaada, na barua zake zinasifiwa. Kambi ilivunjwa mwisho wa mwaka kama tangazo lilivyosema; wasiokuwa kwenye orodha, ambao hakuna aliyewahi kuwahamisha, wakatoka siku moja na waliokuwemo.

Misumeno iliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kabari zake zikabaki zimetapakaa sakafuni ghalani. Jicho la kushoto la Maranda limefungwa kabisa. Anaishi na familia yake katika chumba kimoja karibu na barabara, na wapangaji wenzake hawajui alifanya kazi gani. Akikutana na Mstari husalimiana, wakaulizana afya, wakaachana. Mpini upo. Unazuia mlango wa jiko usipigwe na upepo, na umeshaanza kurudi kuwa mweusi.